Fungua, Tafuta, Funga, Piga

Kwanza ilikufa lenzi. Tuanzie hapo, maana wengi wakisimulia habari hii huanzia kwenye picha, kana kwamba picha ilijipiga yenyewe.

Lenzi ya Dada Picha ilikuwa ya kisasa, ile inayotafuta sura yenyewe kama mbwa anayenusa mfuko wa nyama. Unaielekeza tu kwa mtu, inalia kidogo ndani, vii, uso umekaa sawa. Siku hiyo ikalia vii, ikalia tena vii, halafu ikaanza kusaga kama mtu anayetafuna mchanga, ikanyamaza. Fundi wa kamera akaimulika kwa tochi, akaitikisa karibu na sikio, akamrudishia.

"Hii imeshajifia, dada. Mota imekwisha. Nunua nyingine."

Nunua nyingine! Wenye mdomo wa kusema nunua nyingine ni wengi kuliko nzi.

Dada Picha alikuwa na miaka hamsini na sita, mgongo wa miaka sabini, na miwani mbili: moja ya kusomea na moja ya kuitafutia ile ya kusomea. Kazi yake ilikuwa picha za pasi na vitambulisho, watoto wa chekechea wakimaliza mwaka, na harusi za watu waliokwisha kukataliwa na wapiga picha wenye majina. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake: pazia jeupe, stuli, taa mbili, na kompyuta inayonguruma kama mashine ya kusaga. Nyuma ya pazia ndiko maisha yalikokuwa: chumba cha Mama, chumba chake, jiko, na uani bomba lililodondosha maji kwa miaka saba. Na mdogo wake ni fundi bomba. Usiulize.

Basi akaenda kwenye bati la biskuti la marehemu baba yake. Baba alikuwa mpiga picha wa enzi za filamu, na ndani ya bati lile, zimefungwa kwenye fulana zake kuukuu, zilikuwa zimelala lenzi tatu. Chuma na kioo tupu, nzito kama mawe ya mizani. Hazina mota, hazina waya, hazijui chochote. Akanunua pete ya kuziunganishia, ile wanayoiita adapta: upande mmoja unashika kamera, upande wa pili unashika lenzi. Kamera za zamani zilikuwa na kioo tumboni, zimefura; hizi za sasa zimetolewa kioo, zimekonda, kwa hiyo pete inajaza pale palipopungua na lenzi ya mzee inajiona iko kwake.

Siku tatu kamera ilikataa kupiga. Anabonyeza, kimya. Anabonyeza tena, kamera inamwandikia kwamba haina lenzi. Haina lenzi, na chuma chote kile kimening'inia puani mwake! Siku ya nne, akipekua orodha za ndani ya kamera kwa ile miwani ya kusomea, akakuta mahali pa kuiruhusu ipige hata kama haioni lenzi. Akairuhusu. Ikapiga.

Ila haziongei, lenzi ile na kamera ile. Lenzi ya kisasa na kamera yake ni kama mke na mume waliozoeana: huyu akikohoa, yule analeta maji. Lenzi ya mzee imeshikana na kamera kwa pete tu, kila moja na lake, na yote ambayo moja haiwezi kuiambia nyingine inabidi yafanywe kwa mkono wa mtu. Kwanza unafungua tundu la lenzi lote, mpaka kwenye namba mbili, mwanga uingie tele uone vizuri. Kisha unazungusha lenzi polepole, na kwenye kioo cha nyuma ya kamera, kile cha kutazamia picha, vinatokea vinyuzi vyekundu pale palipokaa sawa: kwenye ukosi wa shati, kwenye nywele, kwenye kope. Vikifika machoni unasimama. Halafu unafunga tundu, mpaka nane hivi, ili wa mbele na wa nyuma wote watoke safi. Ukiliacha wazi, atatoka safi yule uliyemlenga, na walio nyuma yake watakuwa moshi. Ukishafunga ndiyo unapiga.

Fungua, tafuta, funga, piga. Aliyasema kwa midomo tu, kila picha, kama mtu anayehesabu ngazi gizani. Wateja wakachoka naye.

"Dada Picha, mbona unazungusha kama unafungua chupa ya dawa?" mmoja akamuuliza.

"Tulia. Sura yako nayo si ya kupatikana haraka."

Sasa ndugu zake. Kwa Mama walikuwa wanne. Wa kwanza kaka yao, aliyekuwa mkuu wa ofisi mpaka akastaafu, na hata baada ya kustaafu hakuacha kuagiza. Wakamwita Bosi, naye akadhani ni heshima. Wa pili Dada Picha. Wa tatu Fundi Bomba. Wa mwisho Kitinda, msusi, mwenye kicheko cha kuvunja vikombe.

Bosi na Fundi Bomba hawakuwa wakisemeshana. Miaka kumi na moja. Baba alipofariki, Fundi Bomba alikuwa kazini mbali, na alipofika alikuta watu wanakung'uta majembe. Bosi ndiye aliyeamuru azikwe. Tangu siku hiyo Fundi Bomba hakumpa kaka yake neno hata la kufukuzia kuku, na Bosi, ambaye hajawahi kukosea tangu azaliwe, naye akafunga mdomo. Yote yakawa yanapitia kwa Dada Picha.

Na usidhani ni kwa mbali tu. Mama alipoanguka mara ya pili walikaa benchi moja hospitalini, Dada Picha katikati.

"Mwambie asogeze mguu," Bosi akasema.

"Anasema usogeze mguu."

"Mwambie mguu ni wangu."

"Anasema mguu ni wake."

"Mwambie benchi si lake."

Muuguzi akapita, akawatazama watu wazima watatu wenye mvi, akaenda zake.

Watu walimwonea huruma Dada Picha. Maskini, amegeuzwa posta, walisema. Na kweli alichoka. Miaka tisa alimpikia Mama na kumfulia, na miezi hii ya mwisho akawa anamwogesha na kumnyanyua, huku simu inaita: mwambie kaka yako, mwambie mdogo wako. Ila mzigo usio na faida mtu huutua. Yeye hakuutua, na alikuwa na sababu yake, nayo haikuwa upendo. Tutaifikia.

Daktari akasema Mama asiachwe na mtu mmoja, hasa mtu mmoja ambaye mgongo wake mwenyewe unataka kushikwa. Bosi akaamua Mama akaishi kwake, safari ya siku nzima. Dada Picha akakubali haraka, haraka mpaka akaona aibu. Uchovu ulikuwa umemwingia hadi kwenye kucha. Siku hizo hata kijiko alikishika kama koleo.

Mama alikuwa na sharti moja.

"Nilizaa wanne," alisema. "Huko niendako nataka nikiamka niwaone wanne. Pamoja. Si huyu kwenye karatasi na yule kwenye simu."

Kwa sababu picha hiyo haikuwepo. Nyumba imetoa wapiga picha wawili, kuta zimejaa sura za watu wasiojulikana wametoka wapi, na picha ya familia haipo. Katika ile ya zamani Kitinda alikuwa bado tumboni. Katika zote zilizofuata Dada Picha hayumo, maana ndiye aliyekuwa akizipiga.

"Mama, hawa hawatasimama pamoja," akamwambia.

"Watasimama. Mimi siingii kwenye gari kabla ya picha."

"Na wakikataa?"

"Basi mtanibeba na hiki kiti mpaka huko, na nitapiga kelele njia nzima."

Walimjua. Wakakubali wote wawili, kila mmoja kupitia kwa dada yao, kila mmoja na masharti yake: iwe mara moja, iwe haraka, na asisimamishwe karibu na yule.

Asubuhi ya kuondoka gari lilikuwa mlangoni saa mbili, na dereva akasema mwisho saa tano. Bosi alikuwa akiongoza godoro litoke mlangoni kama mtu anayeegesha ndege. Fundi Bomba akaja na mfuko wake wa vyombo, kofia kichwani, akabeba kabati peke yake ili asije akalishika upande mmoja na kaka yake. Kabati! Mtu ana wajukuu.

Saa tatu Dada Picha akasimamisha stendi uani, upande wa kivuli. Mama kwenye kiti. Pembeni yake stuli, ya Dada Picha mwenyewe, maana kamera angeitegea ihesabu kumi, kisha akimbilie kukaa. Watatu wasimame nyuma. Bosi akaenda kulia, Fundi Bomba kushoto, Kitinda akatiwa katikati kama ukuta wa mpaka.

"Sogeeni mbele. Mguseni Mama."

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusogea. Wakabaki kule kule, migongo inakaribia ukuta, hatua mbili nzima kutoka kwenye kiti.

"Mnaogopa nitawauma?" Mama akauliza. "Meno yenyewe yako wapi?"

Dada Picha akainama kwenye kamera. Fungua. Akalivuta tundu mpaka kwenye mbili. Tafuta. Vinyuzi vyekundu vikatokea kwenye shali la Mama, vikapanda shingoni, vikatambaa mashavuni. Akakuza, akaziona kope zimesimama moja moja, nyeupe. Mkono ukashuka kufunga tundu.

"Dada Picha," Bosi akaita. "Mwambie mwenzako avue hiyo kofia. Hapa si kwenye mtaro."

Mkono ukasimama. "Anasema uvue kofia."

"Mwambie mimi upara wangu nimeufunika. Wa kwake anaungojea nini?"

"Anasema upara wako..."

"Tumesikia sote," Mama akasema. "Masikio bado hayajapakiwa kwenye gari. Piga, mgongo unaniuma."

Kitinda akaachia kicheko chake. Fundi Bomba akavua kofia. Dada Picha akabonyeza, akakimbia, akakaa, akakaza shingo. Kamera ikahesabu. Kacha, kacha, kacha.

Fungua, tafuta, piga. Neno la tatu likabaki njiani, kama lilivyowahi kubaki jingine siku nyingine. Na hakuna kilichomshtua, kwa sababu kamera ile mwanga hujipangia yenyewe. Tundu liwe wazi au limefungwa, picha haitoki nyeusi wala haiungui. Akatazama kwenye kioo cha nyuma ya kamera, kidogo kama kiberiti. Wote watano wamo. Wote wanaonekana. Kioo kile ni mwongo kama mchumba.

Wakarudi kwenye mizigo. Yeye akaingia studio, akaifungua picha kwenye kompyuta.

Mama alikuwa safi mpaka inatisha. Kope, kipele chini ya jicho, pini ya shali, uzi uliochomoka kwenye pini. Pembeni yake alikuwepo mwanamke mzee mwenye mifuko chini ya macho na mdomo ulioshuka. Ilimchukua muda kujua ni yeye. Alikuwa hajajiona miaka mingi. Na nyuma yao walisimama watu watatu waliotengenezwa kwa mvuke. Bosi yai la kuchemsha. Kitinda doa jekundu lenye meno. Fundi Bomba, kofia mkononi, hana macho kabisa.

Akaichukua kamera, akatazama lenzi. Mbili. Wazi, inamkodolea.

Unajua alichofikiria kwanza? Si kuwaita. Alifikiria kuichapa ndogo. Ukiipunguza iwe kama kiganja, moshi unajificha. Macho ya Mama nayo si ya jana. Mpaka wagundue, gari limeshafika huko. Hakuwa na nguvu ya kuwapanga tena wale watu. Kuwaita tena, kuwabembeleza tena, anasema hivi, anasema vile. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kuchapa.

"Dada, selotepu iko wapi?" Kitinda akaingia, anataka kufunga maboksi. Akaiona kompyuta. "Wee! Mbona mimi sina pua?"

Sauti ile ilimfikia hadi dereva. Bosi akaja. Fundi Bomba naye akaja, akasimama kizingitini ili asiwe chumba kimoja na kaka yake.

Bosi akatazama muda mrefu. "Umefanya makusudi."

"Nimesahau kufunga tundu."

"Wewe na Mama mnang'aa kama sahani za wageni, sisi moshi wa kuni! Kamera ya siku hizi nayo inasahau?"

"Lenzi ni ya Baba. Haikumbuki kitu. Nakumbuka mimi."

"Na hukukumbuka."

"Sikukumbuka."

Fundi Bomba akacheka kwa puani, akaiambia fremu ya mlango: "Acha tu. Si mara ya kwanza nafutwa kwenye familia hii."

Dada Picha akafungua mdomo, kama alivyozoea, ayapokee maneno yale, ayapunguze makali, ayapeleke. Akachelewa. Bosi alikuwa amegeuka mwenyewe, shingo na mabega.

"Nani aliyekufuta?"

Kitinda, aliyekuwa ameshaiokota selotepu mezani, akaganda nayo mdomoni.

"Wewe," Fundi Bomba akasema.

"Mimi?"

"Ulimzika Baba bila mimi. Nashuka kwenye gari, watu wanakung'uta majembe."

"Nilikungoja!"

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa kumi! Watu wamesimama juani tangu saa saba. Nani alijua uko wapi?"

"Wewe ulijua. Simu yako ilikuwa haipatikani, nikampigia Dada. Nikamwambia nimeshavuka daraja, nusu saa niko hapo, mwambie Kaka aningoje."

"Sikuambiwa."

"Uliambiwa."

"Sikuambiwa! Ningeambiwa ningengoja. Mimi ni mtu wa kukuzikia baba yako huku unakuja?"

"Ndivyo nilivyodhani. Miaka yote."

Halafu wote wawili, kwa pamoja, kama vitu vilivyofungwa uzi mmoja, wakageuka kumtazama dada yao.

Sasa ndiyo ile sababu. Siku ya mazishi simu ililia, akaipokea, akasikia vizuri kabisa, akajibu sawa, nitamwambia. Alikuwa ameshapiga hatua kumwendea Bosi pale Mama alipoishiwa nguvu mlangoni akaanguka. Akamkimbilia Mama. Maji, kupepea, vilio. Neno likabaki njiani. Alipolikumbuka, udongo ulikuwa umeshafunika. Wapo watakaosema maskini, alikuwa amechoka. Kuchoka kunasameheka. Kunyamaza miaka kumi na moja ni kazi ya mtu mwenye nguvu. Wale wawili wangesemeshana dakika moja tu ana kwa ana, jambo lingetoka lenyewe. Hawakusemeshana, na kila neno lao lilipita mikononi mwa nani? Alikaa pale katikati kwa sababu pale katikati ndipo alipokuwa salama.

"Dada?" Fundi Bomba akasema.

"Nilisahau. Mama alianguka, nikasahau."

"Miaka kumi na moja umesahau?"

"Siku ile nilisahau. Zilizofuata niliogopa."

Hakulia. Hata machozi yanataka nguvu. Alikaa tu, mikono juu ya meza, kama mtu anayengojea kuchukuliwa alama za vidole.

"Na mimi nimeitwa katili na ukoo mzima," Bosi akasema, tena kwa sauti ndogo, sauti ambayo hawakujua anayo.

"Hata mimi nilikuita," Fundi Bomba akasema.

"Najua. Alikuwa akiniletea."

"Matusi yangu yalikufikia?"

"Yote."

"Hayo hakusahau."

"Hayo hakusahau hata moja."

Honi ikalia nje. Kisha kutoka uani ikaja sauti ya Mama, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwingiza ndani.

"Nimesikia yote! Huyo mtamtafuna baadaye. Picha yangu iko wapi?"

Wakatoka. Hakuna aliyemwangalia Dada Picha. Safari hii hakuna aliyewapanga. Ndugu wale wawili walikwenda wakasimama bega kwa bega nyuma ya kiti, si kwa upendo, bali walikuwa hawajamaliza, na ugomvi wa mdomo unataka watu wakaribiane. Kitinda akasukumwa pembeni. Selotepu bado anayo.

"Daraja lipi?" Bosi akawa anauliza. "La mbao au la zege?"

"La zege. Lile la mbao lilikuwa limebomoka, ndiyo maana nikachelewa."

"Lilibomoka lini?"

Dada Picha akainama. Akaegemea stendi, stendi ikatikisika, akaiacha. Fungua, akasema, na sasa alisema kwa sauti. Tafuta. Kope za Mama. Funga. Akalizungusha tundu mpaka nane, akainua miwani, akatazama namba, akatazama tena.

Fundi Bomba akamgeukia kaka yake. "Mwambie ahakikishe amefunga."

"Anasema uhakikishe umefunga," Bosi akasema.

"Nimehakikisha."

"Anasema amehakikisha."

"Nimesikia," Fundi Bomba akasema. "Ila mwambie aangalie tena."

Akaangalia tena. Nane. Akabonyeza, akaenda kukaa kwenye stuli yake, na zile sekunde kumi alizihisi shingoni, maana macho ya wote wawili yalikuwa pale.

Picha ilitoka. Ukiitaka kasoro hupati: misumari ya ukutani, tone la maji kwenye mdomo wa bomba, meno ya Kitinda, mshono wa ukosi wa Bosi, vyote safi kama vimeoshwa. Ndugu wawili hawaangalii kamera. Wanaangalia kisogo cha dada yao, wote wawili kwa macho yale yale ya Baba. Dada Picha mwenyewe ana sura ya mtu aliyekutwa. Mama peke yake ndiye anayetazama mbele, kidevu juu.

Akaichapa kubwa, akampelekea ikiwa bado ina joto. Mama akaisogeza puani, akaitembeza kidole kutoka uso mmoja kwenda mwingine.

"Mmoja, wawili, watatu, wanne. Wote wamo."

"Tumenuna, Mama," Kitinda akasema.

"Niliwazaa mmenuna. Niwekeeni mahali isikunjike."

Wakamnyanyua wale wawili kumpandisha mbele ya gari.

"Shika huku."

"Nimeshika."

"Polepole, mguu wake huo."

"Mguu nauona."

Dada Picha alisimama pembeni na mto mkononi, akitafuta wa kumpa. Bosi akauchukua bila kumtazama. Fundi Bomba akabeba mfuko wake wa vyombo, akapita karibu na bomba linalodondosha, hakugeuza hata kichwa, akaenda kazini kwake. Kitinda alimkumbatia dada yake kwa mkono mmoja, kidogo, kama mtu anayeshika chungu cha moto, akaingia garini kumsindikiza Mama.

Mama akamshika mkono dirishani.

"Ungeniambia mimi," akasema.

"Ungefanya nini, Mama?"

"Ningewachapa wote watatu, yangeisha siku hiyo hiyo. Sasa mikono haina nguvu." Akamwachia. "Ukale. Umekonda."

Gari likaondoka.

Nyumba ikabaki na mwangwi. Alizoea kelele za kiti cha Mama zikikwaruza sakafu. Sasa ni bomba tu, ti, ti, ti. Akaketi kwenye stuli ya studio na kuanza kuchomoa lenzi kwenye pete. Simu ikaita. Fundi Bomba.

"Fimbo ya Mama imekuja kwenye mfuko wangu," akasema, sauti kavu, bila salamu. "Nataka wanisubiri pale kituo cha mafuta, na Kitinda hapokei simu. Wamefika wapi?"

Mdomo wake ulifunguka wenyewe kusema ngoja nimuulize Kaka. Akaufunga.

"Namba ya Kaka unayo?" akauliza.

"Sina."

"Andika."

Akamsomea, tarakimu moja moja, polepole, akazirudia zote tangu mwanzo. Fundi Bomba akakata simu bila kusema asante.

Akaifunga lenzi kwenye fulana ya Baba, akairudisha batini. Pete akaiacha mezani. Kisha akaenda chumbani kwa Mama, akajilaza sakafuni pale lilipokuwa godoro, viatu miguuni, na ilikuwa bado haijatimia saa sita mchana.